NYIMBO SI MCHEZO WA KUNGOJEA WAKUBWA



Wako miongoni mwetu wanaodai kwamba nyimbo na hadithi ni upuuzi wa kupitishia wakati hadi msemaji mkubwa awasili. Hoja hiyo ni batili, na ni aibu kuisikia katika kisiwa cha Siti binti Saad.

Bibi yule alizaliwa Fumba kwa watu mafukara, akatembeza vyungu akiviuza, wala hakujua kusoma. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay, kwa Kiswahili chetu hiki. Wimbo wake wa Kijiti wasimulia mwanamke aliyeuawa: muuaji akavuka bahari akaokoka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliofuatana na marehemu. Nani leo aisomaye hukumu ile? Lakini wimbo, Bi Kidude aliuimba hata uzeeni, naye alifariki mwaka 2013.

Nasi je? Twaalika vikundi vya ngoma vivute umati, kisha twavitaka viwasifu viongozi kwa majina yao. Hizo ni sifa za tumbo! Aliyenyang'anywa shamba lake huketi nyuma mkekani, kisa chake hakuna akiulizaye. Mimi, nyuma ya mizani dukani, husikia dhulma nyingi kuliko zitajwazo katika hotuba zetu zote.

Twataka kila tawi limpe mtu huyo nafasi kabla ya msemaji, na mshairi akitie kisa chake katika beti, hata zikitugusa sisi wenyewe. Tawi lisiloridhia na lilete sababu zake kwa maandishi, tutazichapa.