Wekeni Kiboko Chini

Vijana wetu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wanapenda hadithi za kutisha: majumba yenye mizimu, watu waliogeuzwa wanyama, maiti wanaoamka. Wazazi wengine huwakataza. Mimi nasema waacheni wasome, ila someni pamoja nao, kwani ndani ya hofu ile mna swali linalotuhusu sana: mtu aliyeharibika hurudije kuwa mtu?

Chukueni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Hasidi na Mwivu walimtosa baharini ndugu yao Adili aliyewatendea mema. Huria, binti wa majini, akawageuza manyani, na kila usiku Adili akalazimika kuwachapa ilhali moyo wake unamuuma. Kisa kingekoma hapo, tungesema wamevuna walichopanda. Lakini Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, akaliona jambo lile, akalifikisha kwa mfalme, na mfalme akawaombea. Ndipo wakarudishiwa utu. Katika Alfu Lela Ulela kimo kisa kinachofanana na hiki, na humo ndugu hao hurudia uovu hadi kuuawa. Shaaban Robert aliukataa mwisho ule, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo ukubwa wake.

Sasa mtazameni kiumbe wa Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818. Alianza na kiu ya kupendwa. Aliyemuumba akamkimbia usiku ule ule alipofumbua macho, na watu aliowaendea kwa wema wakampiga na kumfukuza. Akaishia kuwa muuaji. Yeye hakumpata Ikibali wake.

Husemwa kwamba shujaa hutoka gizani kwa nguvu zake mwenyewe. Sikubali. Toba ni ya mkosaji, naam, lakini mlango hufunguliwa na aliye ndani.

Hata mahali huweza kugeuka: Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda. Tangu 1994 ni kambi, na leo inahifadhi watu zaidi ya 50,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Tamasha la Tumaini, alilolianzisha Menes la Plume mwaka 2014, huwaleta wageni kucheza ngoma mahali ambapo zamani mtu aliletwa akiwa amefungwa pingu. Ikiwa ardhi imebadilishiwa kazi, kwa nini kijana aliyeiba mara moja aitwe mwizi hadi azeeke? Kwa nini aliyeshikishwa bunduki kule Kivu, Kongo, akiwa mtoto akwepwe bombani kama mwenye ukoma?

Jamaa wa mtaa wa Area 47 jijini Lilongwe mnaokuja kwa tamasha na kurejea kwenu jioni, njooni pia siku isiyo na ngoma, mlete vitabu, mkae na vijana hawa muwasikilize. Nanyi wazee wetu, kikao kikiitishwa kumhukumu kijana, asimame mmoja wenu ayataje mema anayoyajua juu yake kabla adhabu haijatamkwa.