Kutembea Bukavu si Kushangaa Magorofa

Sisi watu wa Minova tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia neno "mila" tunatazama nyuma, kule mlimani kwa babu. Tukisikia neno "mji" tunatazama maduka na magorofa. Kwa hiyo kijana wa kwetu akipata siku moja ya kutembea Bukavu, anarudi na picha alizopigwa Labotte kando ya ziwa, viatu vipya, na habari ya viazi vya kukaanga. Umwulize ameona nini cha watu wa Kivu, atakujibu: "Kule hakuna mambo ya mila, papa, kule ni ku mjini." Na sisi wazazi tunatikisa kichwa kama vile amesema kweli. Hapana, hakusema kweli, na tunataka kueleza kwa nini.

Tuanze na mitaa. Wakoloni waliuita mji huu Costermansville, jina la afisa wao mmoja, mpaka miaka ya 1950. Waliugawanya: Ibanda, kwenye rasi zinazoingia ziwani, ilikuwa ya wazungu, mtu mweusi alipelekwa Kadutu, juu kwenye mteremko, na baadaye Bagira, iliyojengwa katika miaka ya 1950. Na makao ya namna ya Kadutu yalikuwa na jina lake la sheria kwa Kifaransa: "centre extra-coutumier", yaani mahali palipo nje ya mila. Fikirini, bandugu. Mtu aliyetoka Kabare, Walungu, Mwenga, Shabunda, Idjwi au kwetu Kalehe, akifika pale alihesabiwa kama ameacha mila yake mlangoni. Lakini hakuiacha. Alioa kwa ng'ombe, alilia matanga, alipa watoto majina ya babu zao, na pamoja na majirani wa makabila mengine alitengeneza Kiswahili cha Bukavu, ambacho mtu akikisikia Kinshasa au Lubumbashi anajua mara moja umetoka wapi. Sisi tunaosema leo kwamba mjini hakuna mila, tunarudia tu maneno ya serikali ya kikoloni, tena bila mshahara.

Basi siku ya kutembea Bukavu ianze Kadutu. Watoto wapite sokoni, wasikilize mamama wa soko wanavyopatana bei kwa lugha tatu ndani ya dakika moja. Wapande mpaka Cimpunda, waone nyumba zilivyobanana kwenye udongo ambao mvua inauteremsha kila mwaka, wajue kwamba mji si magorofa tu. Ndipo washuke Nyawera na kufika kanisa kuu, waambiwe habari za Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996 kwa sababu hakukubali kunyamaza. Mtoto wa Minova anayejua jina la kila mchezaji wa mpira wa Ulaya na hajui jina hilo, kosa si lake. Kosa ni la sisi tuliomtembeza.

Sasa makumbusho. Wamisionari Waksaveri, waliofika Kongo mwaka 1958, walikusanya vitu vya watu wa Kivu, hasa vya Warega, wakavifanyia nyumba Bukavu: Makumbusho ya Kivu. Ni wangapi kati yetu wameingia mule? Wengine wanasema, "Ile ni mambo ya bazungu." Wengine, hasa wale wa makanisa, wanasema, "Ile ni bintu ya bashetani." Tuwajibu wote wawili.

Kwa yule wa pili: ulizeni kwanza vitu vile vilikuwa vya kazi gani. Katika chama cha Bwami cha Warega, mtu alipanda daraja kwa daraja, mpaka ile ya juu inayoitwa kindi. Sanamu ndogo za mti na za pembe ya ndovu, na barakoa ndogo zilizofungwa mkononi au kutundikwa uani, kila moja ilienda pamoja na methali na mchezo wa kuifundisha: usiwe mlafi, usiwe mgomvi, heshimu mkubwa, lea mtoto. Kilikuwa kitabu cha watu wasiotumia karatasi. Serikali ya kikoloni iliona nguvu ya chama hiki, ikakipiga marufuku mwaka 1948. Anayeita vitu vile mashetani hamtetei Mungu. Anamaliza kazi ya mkoloni.

Kwa yule wa kwanza: ndiyo, bazungu wanavipenda, na ndiyo maana vingi viko kwao. Makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji yana zaidi ya vitu 120,000 vya mila, sehemu kubwa vimetoka Kongo. Mwaka 2022 Ubelgiji ilitunga sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, na mwaka huohuo mfalme wake alileta Kinshasa barakoa kubwa ya Kakuungu ya Wasuku, kwa mkopo. Tunapiga kelele kwamba vitu vyetu virudi, na ni haki yetu. Lakini virudi kwa nani, ikiwa hata vile vilivyobaki Bukavu hatuendi kuviona? Tena barabarani kutoka kwetu, ukipita Nyabibwe, Kalehe na Katana, unakaribia Lwiro, penye kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, chenye makusanyo ya mimea na wanyama wa milima yetu. Tunapita njia panda bila hata kugeuza shingo.

Tufike kwenye chakula, maana hapo hata wapenda mila wanakosea. Wanafunzi wakifika mjini wanapelekwa kula kuku wa barafu aliyetoka ng'ambo. Tunalaumu. Lakini mzee mwingine anasimama kusema eti tule "cha asili" tu, kama vile sahani yetu haijabadilika tangu dunia kuumbwa. Mzee wetu, samahani. Muhogo wa bugali na wa sombe umetoka Amerika, mahindi na maharagi vilevile. Na sambaza, ambaye leo hakuna mtu wa Kivu asiyemwita wake, hakuwa katika ziwa letu: aliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Lakini tazameni tulivyomfanya wetu: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa za usiku, nyimbo za wavuvi za kupigia kasia. Mila ni hiyo: kupokea kitu na kukipa mikono yetu na wimbo wetu. Kwa hiyo mchana watoto wakae kwa mama mmoja wa Kadutu, wale bugali, sambaza, lengalenga, wamalizie na mashanza ya Bushi. Ni bei ndogo kuliko yule kuku, na pesa inabaki kwa mama.

Mtu atatuambia: "Mnazungumza matembezi wakati wa vita?" Tunajua. Vita vilifika Minova Januari 2025 na Bukavu Februari 2025. Hatusemi watoto watiwe barabarani kwa hatari. Tunasema kwamba vita ndivyo vinavyopoteza vitu na wazee kwa haraka zaidi, na mtu anayekimbia usiku habebi kinu cha bibi yake. Anachoweza kubeba ni kile anachokijua kichwani. Kama hajafundishwa, anakimbia mtupu.

Basi tunaomba mambo matatu. Walimu, njia itakapokuwa salama, waandike makumbusho na Kadutu katika ratiba ya safari kabla ya Labotte, si baada ya hapo "kama muda utabaki". Wachungaji na mapadri waingie makumbusho wenyewe kabla ya kuhubiri juu yake. Na kila mwanafunzi, aliyesafiri au asiyesafiri, aende kwa bibi au babu yake hapa Buzi, aulize jina la Kihavu la chombo kimoja cha nyumbani na kazi yake, aliandike na kutuletea. Kijitabu kijacho kitakuwa na nafasi ya majina hayo.