Nyumba na Heshima Mjini

Mgeni afikapo Lamu kwa mara ya kwanza hushangaa kuona vichochoro vyembamba na kuta ndefu zenye madirisha machache. Huenda akadhani kwamba waliojenga hawakupenda hewa wala majirani. Sivyo. Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Na sifa zake pia huzijui.

Nyumba hizo za kale, ambazo nyingi ni za karne ya 18, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti si ndefu, vyumba navyo ni vyembamba. Hiyo ni sheria ya mti. Lakini jinsi vyumba vilivyopangwa ni sheria ya imani.

Dini ya Kiislamu na desturi za Pwani zataka mambo ya jamaa yasitiriwe. Basi mgeni wa kawaida hupokewa katika daka, penye viti vya mawe mlangoni. Akiingia, njia hupinda, ili macho ya wapita njia yasifike kiwanda, yaani ua wa ndani. Kisha huja misana, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani, mahali pa faragha kuliko pote. Baadhi ya nyumba ziliunganishwa kwa wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia. Tena baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba alipoolewa, au alimwongezea orofa juu ya nyumba yake. Hivyo mji ukakua kwenda juu. Ni kweli kwamba hayo yalikuwa majumba ya matajiri, na maskini waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Hata hivyo mji ulijengwa kwa kufuata maisha ya wenyeji wake, na mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nairobi ilijengwa kwa imani nyingine. Watawala wa kikoloni waliamini kwamba Mwafrika alikuja mjini kufanya kazi tu, kisha arudi kwao. Kwa hiyo makao mengi ya wafanyakazi yalipangwa kwa kuhesabu vitanda, si kwa kuhesabu jamaa. Tume ya Kifalme ya Afrika ya Mashariki, iliyotoa taarifa yake mwaka 1955, ilishauri kwamba wafanyakazi wawezeshwe kukaa mjini pamoja na wake na watoto wao. Lakini kuta zilikwisha kusimama.

Shida iliyotokea si ya nafasi tu. Kwa desturi ya Waluo, kijana aliyebalehe halali katika nyumba ya wazazi wake, bali hujenga simba yake. Katika jamii nyingi za magharibi ya Kenya, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Je, karani mwenye chumba kimoja afanyeje mkwewe akija mjini kutafuta matibabu? Wengi walitundika pazia, wengine walimpeleka mzee kulala kwa jirani. Watu hawakuiacha heshima. Waliitafutia mahali ambapo mjenzi hakuiwekea.

Pumwani, iliyoanzishwa karibu na mwaka 1920, ilionyesha njia nyingine. Humo Waafrika walijijengea nyumba za Kiswahili: vyumba pande mbili za ukumbi, ua nyuma, na baraza mbele. Mwenye nyumba aliweza kukaa humo humo na wapangaji wake, na mgeni aliweza kuzungumza barazani bila kuingia chumbani mwa mtu.

Leo wakulima wengi hutumia fedha za chai au kahawa kujenga nyumba za kupangisha mjini. Afadhali wakumbuke kwamba mpangaji ni baba, ni mama, ni mkwe wa mtu. Chumba kidogo chenye mlango wake, choo kisichotazamana na mahali pa kukaa wageni, na kibaraza cha mazungumzo, havigharimu sana vikifikiriwa kabla ya msingi kuchimbwa. Vikisahauliwa, hakuna pazia litakaloweza kuziba pengo hilo.