Wageni wa Bustanini

Akina mama wenzetu, hapa Ivuna mfugaji nyuki mmoja alituomba tumtunzie mizinga 3 kwa muda, wakati maboga na alizeti bustanini yanachanua. Baba alikubali upesi. Sisi tuliwaza watoto, maana nyuki wetu wakichokozwa hushambulia kwa wingi.

Basi tukaweka masharti. Mizinga ililetwa usiku, ikakaa mbali na nyumba, milango ikielekea porini. Tuliwawekea nyuki maji yenye vijiti vya kutulia, wasifuate ndoo zetu. Mbuzi tuliwahamisha, na dawa ya wadudu hatukupuliza.

Hata hivyo mtoto mmoja aliumwa shavuni. Tuliukwangua mwiba mara moja, tukamkanda kwa maji baridi. Baba akataka mizinga iondoke usiku uleule, tukamwomba subira. Lakini mtoto akivimba uso au akihema kwa shida, mkimbizeni hospitali bila kungoja.

Sasa mizinga imerudi kwa mwenyewe. Maboga yamezaa vizuri, kwani nyuki huchukua chavua ya ua dume na kuipeleka kwenye ua jike. Asali tuliyoachiwa tunalamba wote, isipokuwa kichanga: aliye chini ya mwaka 1 asipewe kabisa.

Ujirani una mwiba, mama, lakini pia una asali.