Zipo au hazipo?

Shangazi yangu anaishi Maneromango, wilayani Kisarawe, na hajawahi kukalia kiti cha semina hata siku moja. Mwezi uliopita nilimsindikiza kwenye kituo kimoja cha afya kuchukua dawa zake za presha. Kijana wa dirishani akampa shikamoo, akapekua kadi, kisha akasema kwa upole: "Bibi, upande wa dawa tuna changamoto kidogo."

Shangazi akaegemea dirisha. "Changamoto ndiyo nini, mjukuu wangu? Zipo au hazipo?"

Kijana akacheka kwa aibu. "Hazipo, bibi. Ziliisha tangu Jumatatu."

"Si ungesema! Saa hizi ningekuwa nimeshafika duka la dawa."

Siku hizi tumeaminishwa kwamba kutamka "tatizo" ni kukosa adabu. Neno hilo linakatisha tamaa, tunaambiwa. Mtu aliyesoma husema "changamoto". Ndivyo semina zinavyofundisha, ndivyo risala zinavyosomwa mbele ya mgeni rasmi. Mimi nasema huo si ustaarabu, ni woga uliovalishwa tai.

Changamoto ni neno zuri, ndiyo maana linaniuma. Timu ngumu uwanjani ni changamoto, inakuamsha na kukutia ari. Daraja lililosombwa na maji linamtia nani ari? Sema "dawa hazikuagizwa", na msikilizaji atauliza nani hakuagiza. Sema "kuna changamoto", na hakuna wa kuulizwa: imejijia yenyewe, kama masika.

Na wakati mwingine neno hili linafunika makubwa. Mwanzoni mwa mwaka 2021, korona ikiwa imeishika dunia, matangazo yetu ya misiba yalijaa "changamoto ya upumuaji". Tuliwazika ndugu zetu kwa ugonjwa usiotajwa jina, na ugonjwa usiotajwa jina utajikingaje nao?

Wazee wetu hawakuwa na haya hiyo. Mwalimu Nyerere aliuita ujinga, maradhi na umaskini maadui, na ukishamwita mtu adui huna budi kumtafutia silaha. Nenda Tumbi, Kibaha, ukaone. Mradi ulioanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, ulifuata hesabu hiyo hiyo: shule ya kupambana na ujinga, kituo cha afya cha kupambana na maradhi, mafunzo ya wakulima ya kupambana na umaskini. Kila adui na jengo lake. Zingekuwa "changamoto tatu", pengine zingejengewa ukumbi wa semina.

Halafu wanaolaumiwa kwa kuharibu lugha ni makonda! Juzi natoka Mbezi kwenda Maili Moja, daladala ikazima Kiluvya. Konda akafungua mlango: "Jamani, klachi imekufa, hapa hatufiki. Njooni mchukue nauli zenu." Hazikupita dakika tano, mwingine kapanda bodaboda, mwingine anapungia gari la nyuma, na mama mwenye ndoo ya dagaa kashapiga simu kwake wasimsubiri. Huyo ndiye tunayesema hana lugha nzuri. Angetutangazia "changamoto ya kiufundi", tungekuwa tumekaa humo humo tukijipepea na leso.

Najua nitakachojibiwa: sisi watu wa Pwani ni watu wa mafumbo, mtu haambiwi jambo kavu kavu. Ni kweli, nami nimelelewa humo. Lakini fumbo lina mwenyewe. Mwanamke akijifunga kanga yenye maneno akapita mlangoni kwa jirani, aliyekusudiwa anajijua kabla hajamaliza kusoma, na kesho yake ama ataomba radhi ama atanunua kanga ya kujibu. Fumbo humchoma mhusika na kuwaacha wengine. Changamoto humwacha mhusika, ikatuchoma sisi tuliopanga foleni.

Wala sisemi tutukanane. Kijana wa dirishani hakuwa na ubaya wowote. Kafundishwa hivyo na wakubwa zake, na alipoulizwa vizuri alijibu vizuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kwa hiyo mkutano ujao wa kijiji, mtu akisimama na kusema mradi wa maji una changamoto, usimpigie makofi na usimzomee. Mwulize kama shangazi: pampu imeungua, au luku imeisha? Fedha ya mafuta ipo au haipo? Akishajibu, mwambie ahsante, mkae mpange nani anakwenda kwa fundi.