Usinipumzishe

Neno linalowamaliza watu wenye magoti mabovu hapa Sokon I ni moja: pumzika. Analisema jirani, analisema konda wa kifodi, analisema hata tabibu ambaye hajakugusa goti. Linasemwa kwa huruma, ndiyo maana ni vigumu kulikataa.

Mimi nina matege. Nimekulia upande wa Maji ya Chai, ambako maji hupita kwenye miamba ya volkano ya Meru na kubeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya huko vinazidi hapo kwa mbali. Juu yake tukaongeza magadi kwenye makande, nayo yana floraidi yake. Meno yakawa ya kahawia, miguu ikapinda. Mfupa uliokomaa umepinda haunyooshwi kwa mazoezi, na anayekuahidi hivyo anataka hela yako.

Lakini goti si mfupa peke yake. Mwenye matege uzito wake hulalia upande wa ndani wa goti, na gegedu la upande huo ndilo linalolika. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa maungio, na ute huo husukumwa na mwendo. Ukikaa kutwa unalinyima. Misuli ya paja nayo inanyong'onyea, na mzigo iliokuwa ikiubeba unaangukia kiungo kile kile tunachodai kukipumzisha.

Sasa niambie, nani kapumzika hapo?

Baada ya pumziko huja diklofenaki. Zahanati moja waliniandikia mara tatu, na hakuna aliyeniambia nisimame aone ninavyosimama. Kwa siku chache inasaidia, sibishi. Ukiimeza miaka na miaka inaweza kukuletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na goti liko pale pale.

Aliyenisimamisha ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi aliyonipa haina gharama: kuinuka kwenye stuli bila kushika kitu, mara kumi, asubuhi na jioni. Kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukutani. Ndoo ya lita 20 niigawe mbili za lita 10, moja kila mkono. Foleni ya bombani nisiegemee mguu mmoja. Kufua nikae kwenye kigoda, nisiiname kutoka kiunoni saa nzima. Likiuma kidogo na kutulia kufikia kesho yake, niendelee, likizidi, nipunguze. Nafanya hivyo mwaka wa sita huu, na nitafanya mpaka nizikwe, maana ugonjwa wenyewe hauna likizo.

Shangazi anasema mazoezi ni mambo ya watu wa Njiro. Denmark tangu 2013 wenye magoti na nyonga zilizolika wanafundishwa mazoezi ya namna hii hii, kwa mpango maalumu. Na wataalamu si lazima watoke Ulaya: KCMC, hapo Moshi tu, wanafundisha fiziotherapia. Kwa nini basi zahanati nyingi zina rafu nzima ya vidonge na hazina hata mtu mmoja wa kumwonyesha mama wa miaka hamsini namna ya kuinuka kwenye kiti? Stuli ipo. Ukuta upo.

Shangazi mwenyewe, nimemwona jana jikoni, anainuka huku anahesabu. Alipofika saba akaniona, akajifanya anatafuta chumvi.