Theluji iliyofika Ngombezi kwa simu

Leo tunaadhimisha Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu, nami nataka kusema habari za theluji. Msishangae. Katika Masifu ya Asubuhi, baadhi ya Jumapili, tunasali wimbo wa vijana watatu wa kitabu cha Danieli. Wakiwa ndani ya tanuru la moto waliviita viumbe vyote vimsifu Bwana, theluji na barafu zikiwamo. Huku Korogwe, kwa joto hili la Desemba, tanuru tunalielewa upesi kuliko theluji.

Lakini siku hizi theluji inafika hadi Ngombezi. Bibi mmoja, mjane wa mkata mkonge, alinionyesha kwenye simu video aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Kanada. Familia ilikuwa imekwenda mlimani kwa likizo ya wiki nzima. Wajukuu wawili, wamevishwa makoti manene hata mikono haikunjiki, wanateleza juu ya kibao cha plastiki, na baba yao anawangoja chini amefungua mikono. Mdogo alianguka kifudifudi, akainuka uso mweupe. Bibi alicheka sana. Kisha akaniuliza: "Baba Paroko, hawa watoto wakija, nitaongea nao kwa lugha gani?"

Mkubwa ana miaka saba. Bibi hajapata kumshika mkono.

Sina ugomvi na ile likizo. Mzazi anayefanya kazi zamu mbili, akapata wiki moja ya kuteleza na wanawe, anawatendea mema kuliko yule anayewaachia televisheni. Theluji ni kazi ya Mungu. Mtunga zaburi anaifananisha na sufu. Nauli ya ndege ya watu wanne nayo ni mzigo mkubwa, na wapo wasioweza kutoka kwa sababu hati zao za ukaazi bado hazijakamilika. Ninachokikataa ni mazoea ya kudhani kwamba picha imemaliza wajibu. Luka anasimulia kwamba Mtoto alipopelekwa hekaluni, mzee Simeoni alimpokea mikononi mwake. Ana, mjane wa miaka 84, alikuwa palepale. Wazazi wale walikuwa maskini, sadaka yao ilikuwa jozi ya ndege tu, lakini walifika.

Ngombezi inalijua jambo hili kuliko sehemu nyingi. Mashamba ya mkonge ya huku yalilimwa na manamba, watu walioletwa kwa mkataba kutoka Njombe, Songea, Kigoma, hata Burundi, na wengi hawakurudi. Wazazi waliowaacha kwao hawakuwaona wajukuu waliozaliwa kambini. Mwenye bahati alipata mtu wa kumwandikia barua; wengi walinyamaza hadi kufa. Bibi yetu huyu ni mtoto wa watu hao. Jina la mama mzaa baba yake halijui, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtajia. Ndiyo maana lile swali la lugha halikuwa la mzaha.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na kumbukumbu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Julai shule za Kanada zimefungwa, na huku kwetu jua limepunguza ukali. Anayeweza kwenda kwenye theluji kila mwaka angeweza kuruka mwaka mmoja, akaileta nauli Ngombezi. Asiyeweza, basi Kiswahili kisemwe mezani kwake, na Jumapili mtoto ashike simu mwenyewe, aseme shikamoo bibi, asimulie jinsi vidole vilivyokufa ganzi. Akikosea maneno, baba asidakie kutafsiri. Bibi atamwelewa, amelea watoto wengi wa aina hiyo.

Na ninyi wa Dar es Salaam msicheke. Kuja Korogwe ni safari ya nusu siku kwa basi, haina viza wala haihitaji koti, na bado nina wazee ambao Krismasi imewapita wakiwa wamepokea ujumbe wa muamala tu. Shule hazijafunguliwa.